Siku Moja Mbele ya Redio

Leo twataka kuwaelezeni jambo ambalo kila mtu hulisikia, walakini wachache hulifikiri: namna siku nzima ya redio inavyopangwa, na kwa nini vipindi vyake ni vya aina nyingi. Twawasikia watu wakisema, “Redio ina maneno mengi yasiyotuhusu.” Mkulima huifunga inapotajwa habari ya bahari, na kijana huifunga yanaposomwa matangazo ya vifo. Sisi twaona kuwa wanakosea, na sababu yake ni hii.

Redio ya Unguja ilianza mwaka 1951, ikiitwa Sauti ya Unguja. Majina yake yamebadilika, na leo ni Shirika la Utangazaji Zanzibar. Kati ya Unguja na Pemba pana bahari ya kilomita 50 hivi. Zamani, kwa watu wengi, habari ilivuka bahari hiyo kwa barua au kwa kinywa cha baharia, nayo ilingoja chombo na upepo. Redio haingoji upepo. Hapo ndipo thamani yake kwa watu wa kisiwani.

Basi tuitazame siku. Asubuhi na mapema, baada ya kisomo cha Kurani, huja habari na hali ya hewa. Mvuvi wa Tumbe ataka kujua kama pepo zitakuwa kali kabla hajatweka tanga. Na mwenye shamba la mikarafuu je? Karafuu zake zimeanikwa juani juu ya majamvi, na mvua moja yaweza kuziharibu. Tangazo ni moja, na wenye haja nalo ni wawili: mmoja yuko majini na mwingine yuko shambani. Yule aliyefunga redio kwa kuwa imetaja bahari ameikosa habari ya karafuu zake mwenyewe.

Mchana huwa na mafundisho ya kilimo, ya afya na ya malezi. Mafundisho hayo wengine huyaona makavu. Lakini tukumbuke yaliyotendeka Tanzania Bara mwaka 1973, katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kufanya kazi. Walichimba vyoo, wakafyeka majani na kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba zao. Funzo letu hapo ni kwamba maneno ya redio peke yake hayachimbi shimo. Huchimba pale wasikilizaji wanapoulizana, “Na sisi tufanye nini?”

Jioni huja muziki na taarabu, michezo ya kuigiza na mazungumzo. Mtu aliyechoka hujipumzisha, wala hatumlaumu. Hata mchezo wa kuigiza huweza kufundisha: tangu mwaka 1993 Radio Tanzania iliutumia mchezo wa Twende na Wakati kuwafundisha watu habari za uzazi wa mpango na ukimwi, nao wakaja kwa ajili ya hadithi wakaondoka na elimu.

Sasa tuje kwenye matangazo ya vifo, ambayo vijana huyaona mazito. Tangazo hutaja jina la marehemu na la baba yake, mahali na saa ya maziko, kisha huwataja jamaa wanaoarifiwa na mahali walipo: Wete, Chake Chake, Mkoani au Unguja. Desturi ya visiwa hivi ni kuzika upesi. Ndugu akipata habari kesho, amekwisha kuikosa jeneza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kuja Pemba na watu kupita kiasi chake, ilizama karibu na Nungwi, na mamia ya watu wakafa. Siku kama ile, nani katika Pemba angethubutu kusema kwamba matangazo ya vifo hayamhusu?

Ndiyo sababu tunasema siku ya redio ni kama sinia moja lililoandaliwa watu wengi. Huwezi kula kila kitu, lakini usimwondolee mwenzio chakula chake, maana hujui ni lini kilicho chake kitakuwa chako.

Twawapeni kazi ndogo, ile ile tuwapayo wanafunzi wetu wa ualimu. Chagueni siku moja. Sikilizeni kila kipindi, na kwa kila kimoja andikeni mambo mawili: kimekusudiwa nani, na nani mwingine angefaidika nacho. Jioni someni orodha yenu barazani mbele ya wenzenu. Tunaamini kwamba katika kipindi mlichozoea kukifunga, mtakuta jina la mtu wa nyumbani kwenu.