Mahakama ya Wilaya Iliyohesabu Wafu wa Nairobi: Historia na Muundo Wake

Utangulizi

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, na dakika chache baadaye jingine likalipuka katika ubalozi wa nchi hiyo jijini Dar es Salaam. Watu 213 walifariki Nairobi na 11 Dar es Salaam. Wamarekani waliouawa Nairobi walikuwa 12. Waliosalia takriban wote walikuwa Wakenya, na wengi hawakuwa na uhusiano wowote na ubalozi. Walikuwa abiria, makarani, wanafunzi na wapita njia waliokuwa katika jumba la Ufundi lililoporomoka na katika barabara za karibu. Hata hivyo, kesi kubwa ya mauaji hayo haikusikizwa Nairobi wala Dar es Salaam. Ilisikizwa Manhattan, katika Mahakama ya Wilaya ya Kusini mwa New York.

Neno "wilaya" laweza kumpotosha msomaji wa Kenya. Kabla ya Katiba ya mwaka wa 2010, wilaya ilikuwa eneo dogo la utawala lililo chini ya mkoa, na mahakama ya wilaya ilikuwa mahala pa kesi ndogondogo mbele ya hakimu. Lakini wahenga walionya kuwa simba akinyeshewa usidhani ni paka. Mahakama hii ya wilaya ndiyo ya kwanza katika ngazi za mahakama za shirikisho la Marekani, na mkono wake hufika mbali kuliko jina lake. Makala haya yanaeleza asili yake, muundo wake na namna inavyosikiza kesi. Yanadai kwamba uzito aliopewa kila marehemu wa Nairobi katika mizani ya mahakama hiyo ulitokana na muundo wake, na kwamba muundo uo huo ndio uliowanyima wafiwa hukumu waliyoitarajia mwaka wa 2010.

Asili ya mahakama

Katiba ya Marekani iliunda Mahakama ya Juu moja tu, ikaliachia Bunge jukumu la kuunda mahakama za chini. Bunge lilitimiza jukumu hilo kwa Sheria ya Mahakama iliyotiwa saini na Rais George Washington tarehe 24 Septemba 1789. Sheria hiyo iliunda mahakama 13 za wilaya, New York ikiwamo. Jaji wake wa kwanza, James Duane, alifungua kikao tarehe 3 Novemba 1789. Mahakama ya Juu yenyewe ilikutana kwa mara ya kwanza Februari 1790. Kwa sababu hiyo mahakama ya New York huitwa "Mahakama Mama": ilikuwa mahakama ya kwanza kuketi chini ya katiba mpya.

Tarehe 9 Aprili 1814 wilaya ya New York iligawanywa mara mbili, Kaskazini na Kusini. Jaji William Van Ness, aliyebaki Kusini, alikuwa na historia ya ajabu: mwaka wa 1804 ndiye aliyemsindikiza Aaron Burr kwenye pambano la bastola lililomuua Alexander Hamilton. Mwaka wa 1865 wilaya ya Kusini ilimegwa tena, Brooklyn na kisiwa cha Long Island vikapewa wilaya mpya ya Mashariki.

Katika miaka ya mwanzo, mahakama za wilaya zilishughulikia hasa kesi za bahari, ushuru wa forodha na makosa madogo. Kesi nzito zilisikizwa na mahakama za mzunguko, ambazo majaji wa Mahakama ya Juu walilazimika kuzizungukia kwa farasi na magari ya kukokotwa. Mwaka wa 1891 Bunge liliunda mahakama za rufani, na kuanzia Januari 1912 mahakama za zamani za mzunguko zikafutwa. Tangu hapo mahakama ya wilaya ikawa mlango mkuu wa kuingilia kesi za shirikisho. Leo mahakama za wilaya nchini Marekani ni 94.

Mipaka, majengo na watu wake

Wilaya ya Kusini inajumuisha kaunti nane: New York, yaani Manhattan, Bronx, Westchester, Rockland, Putnam, Orange, Dutchess na Sullivan. Vikao vyake vikuu viko Manhattan, na vingine huketi katika mji wa White Plains. Jengo lake kongwe la Foley Square, lililofunguliwa mwaka wa 1936, sasa lina jina la Thurgood Marshall. Jina hilo si geni katika historia ya Kenya. Mwaka wa 1960 wakili huyo Mwafrika-Mmarekani, kwa mwaliko wa Tom Mboya, aliwashauri wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House jijini London, akaandika rasimu ya sura ya haki za raia. Mwaka uliofuata aliteuliwa jaji wa rufani, na mwaka wa 1967 akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza katika Mahakama ya Juu.

Sheria imeipa wilaya hii nafasi 28 za majaji. Kila jaji huteuliwa na Rais, huidhinishwa na Seneti, kisha hushika kazi maisha yake yote maadamu ana mwenendo mwema. Mshahara wake hauwezi kupunguzwa akiwa kazini. Kwa hiyo Rais aliyemteua hana njia ya kumwadhibu akitoa uamuzi usiompendeza. Miongoni mwa majaji waliopitia hapo ni Constance Baker Motley, aliyeteuliwa mwaka wa 1966, mwanamke wa kwanza Mwafrika-Mmarekani kuwa jaji wa shirikisho.

Chini ya majaji hao wako mahakimu, ambao huteuliwa na majaji wenyewe kwa kipindi cha miaka minane. Hao hushughulikia dhamana, vibali vya upekuzi na matayarisho ya kesi. Wako pia majaji wa kesi za kufilisika, wanaoteuliwa na mahakama ya rufani kwa miaka 14. Karani mkuu hutunza kumbukumbu. Kiongozi wa mashtaka wa wilaya hana cheo katika mahakama. Yeye ni mtumishi wa serikali kuu, ingawa afisi yake ya Manhattan imejulikana sana kwa kufanya mambo yake bila kungoja Washington. Asiyeridhika na hukumu hukata rufani kwa Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Pili, inayosimamia majimbo ya New York, Connecticut na Vermont.

Safari ya kesi

Mahakama hii husikiza madai yanayotokana na sheria za shirikisho, pamoja na madai baina ya watu wa majimbo mbalimbali yanapozidi dola 75,000. Kwa wasomaji wa fasihi, mfano mashuhuri ni uamuzi wa Desemba 1933, ambapo Jaji John Woolsey aliamua kwamba riwaya ya James Joyce, Ulysses, haikuwa uchafu wa kupigwa marufuku. Ili kufikia uamuzi huo, jaji aliisoma riwaya nzima badala ya kuangalia vifungu vilivyolalamikiwa peke yake.

Katika jinai, kesi nzito huanza mbele ya juri kuu, yaani baraza la raia kati ya 16 na 23 ambao huketi kwa siri. Wasipopatikana 12 wa kukubali kwamba upo msingi wa mashtaka, hati ya mashtaka haitoki. Kesi yenyewe husikizwa na juri ya raia 12 waliochaguliwa miongoni mwa wakazi wa kaunti zilizotajwa. Jaji huamua masuala ya sheria; ukweli wa mambo huamuliwa na juri, na uamuzi sharti uwe wa kauli moja kwa kila shtaka.

Utaratibu huu haukumea Kenya. Wakati wa ukoloni juri ilikuwa haki ya Wazungu pekee. Mwafrika aliamuliwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Wazee hao nao waliondolewa katika sheria za Kenya mwaka wa 2007. Ndiyo maana hakuna neno moja la Kiswahili linalobeba maana yote ya juri. "Wazee wa baraza" hushauri tu, ilhali watu wa juri huamua.

Kesi ya 2001

Sheria ya Marekani inasema kwamba kosa lililotendwa nje ya wilaya zote husikizwa katika wilaya ambamo mshtakiwa alikamatwa au alifikishwa kwanza. Aidha, juri kuu ya Manhattan ilikuwa imetoa hati ya siri ya kumshtaki Osama bin Laden tangu Juni 1998, kabla ya milipuko. Hivyo washtakiwa wakapelekwa huko.

Wanne walisimamishwa kizimbani mbele ya Jaji Leonard Sand mwanzoni mwa mwaka wa 2001. Mmoja alikuwa Mtanzania, Khalfan Khamis Mohamed, aliyekamatwa Afrika Kusini mwaka wa 1999. Hati ya mashtaka ilikuwa na mashtaka 302. Kwa vile kila mauaji ni kosa lake, mauaji ya Nairobi yalikuwa mashtaka 213 na ya Dar es Salaam 11. Karani aliyekufa mezani pake na mwanabalozi walipata shtaka mojamoja, na juri ililazimika kujibu kuhusu kila mmoja. Tarehe 29 Mei 2001 jibu lilikuja: washtakiwa wote walipatikana na hatia katika kila shtaka lililowahusu.

Siku moja kabla ya hapo, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba serikali yake ilivunja katiba kwa kumkabidhi Mohamed bila kupata ahadi kwamba hatanyongwa. Iliagiza hukumu hiyo ipelekwe New York kwa haraka. Hatimaye juri haikuafikiana kuhusu adhabu ya kifo kwa washtakiwa wawili waliokabiliwa nayo, na tarehe 18 Oktoba 2001 wote wanne walifungwa maisha.

Kesi ya 2010

Mtanzania mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan mwaka wa 2004, akazuiliwa katika magereza ya siri na baadaye Guantánamo. Mwaka wa 2009 aliletwa Manhattan. Kiongozi wa mashtaka alimtegemea shahidi mmoja aliyedaiwa kumuuzia baruti. Hata hivyo, Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi huyo, kwa kuwa serikali ilimjua kutokana na maneno ambayo Ghailani aliyatoa akiteswa. Tarehe 17 Novemba 2010 juri ilimwachilia katika mashtaka zaidi ya 280, yakiwamo yote ya mauaji. Ilimpata na hatia katika shtaka moja tu, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani. Januari 2011 alifungwa maisha kwa shtaka hilo.

Kwa aliyefiwa Nairobi, uamuzi huo ni mchungu. Majina yale yale yaliyopata jibu mwaka wa 2001 yalisomwa tena, na safari hii jibu likawa "hana hatia". Lakini jaji asiyeweza kufutwa na juri isiyoweza kulazimishwa ndio waliowapa wafu wa Nairobi uzito sawa na wa wanabalozi. Mizani isiyoweza kuelemea upande wa serikali mwaka wa 2010 ndiyo iliyoifanya hukumu ya 2001 iaminike. Baadhi ya wanasiasa wa Marekani hawakuikubali hoja hiyo, na Januari 2011 sheria ilitiwa saini kuzuia fedha za serikali kutumika kuwaleta mahabusu wa Guantánamo katika ardhi ya Marekani.

Ukomo wa mahakama

Kuna jambo ambalo mahakama ya jinai haikuweza kulitenda. Mwaka wa 2001 Jaji Sand aliamuru walipwe waathiriwa na serikali ya Marekani zaidi ya dola milioni 33, lakini wafungwa hawakuwa na mali ya kiasi hicho. Madai dhidi ya Sudan, iliyolaumiwa kwa kuwahifadhi washambuliaji, yalipelekwa katika mahakama ya wilaya ya Washington. Mwaka wa 2020 Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335. Mpango huo uliwahusu Wamarekani pamoja na wafanyakazi wa balozi na jamaa zao. Wakenya wengi waliokuwa wakipita barabarani au wakifanya kazi katika majengo jirani waliachwa nje. Katika hati ya mashtaka walihesabiwa mmoja mmoja. Katika orodha ya fidia hawakuonekana.

Hitimisho

Imebainika kwamba mahakama ya wilaya nchini Marekani ni chombo chenye mizizi tangu mwaka wa 1789, chenye majaji wa kudumu na raia waamuzi, na kwamba sehemu ya historia ya Kenya imehifadhiwa katika kumbukumbu zake, kwa Kiingereza. Mjane wa Nairobi anayetaka kujua jina la mumewe lilisemwaje katika chumba kile ana haki ya kulielewa jibu katika lugha yake. Kazi hiyo inawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili kabla ya wanasheria. Istilahi kama "wilaya" na "juri" zisipofafanuliwa, mfasiri atasema "wilaya" na msikilizaji ataelewa kibanda cha hakimu. Atasema "wazee" na msikilizaji ataelewa washauri. Kamusi ya sheria ya Kiswahili inayozitofautisha dhana hizi itakuwa sehemu ya haki wanayodaiwa wafu wale 224.