UZI: Je, kuna mheshimiwa anayeweza kukufungulia uwindaji wa kanga Tana River?

Kila msimu wa kampeni hapa Hola kuna ahadi moja haikosi. Mtu anapanda jukwaani, anashika maikrofoni: "Wanyama wanamaliza mashamba yenu, ndege wanamaliza mpunga wenu, na nyinyi mkigusa hata kanga mmoja mnafungwa. Nipeni kura, nitafungua uwindaji!" Makofi. Kesho yake upande wa pili unakuja kusema huyo ni rafiki wa majangili. Makofi tena. Sitaji mtu wala chama. Nataka tuipasue hoja yenyewe, maana pande zote mbili zinaruka maswali ya maana.

Tuanze na sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine ikafungwa. Wengi hawajui kwamba ndege walibakishiwa mlango: miaka mingi baada ya marufuku, mtu mwenye leseni aliweza kulipia na kwenda kupiga kanga na kwale (ndege jamani, si kaunti) katika maeneo yaliyotengwa. Walioingia mlango huo ni wenye magari na vibali vya silaha. Kijana wa kijijini na mtego wake wa kamba hakuwemo kwenye hesabu.

Ikaja Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Kifungu cha 96 kinafanya uwindaji wa burudani kuwa kosa. Cha 97 kinamshika hata anayewinda kwa ajili ya kitoweo: faini isiyopungua shilingi 30,000 au jela isiyopungua miezi 6, au vyote viwili. Na "mnyamapori" kwa lugha ya sheria si ndovu na chui peke yao. Ndege wamo. Kanga wetu wa kifua cha buluu, mwenye kichwa kitupu kama cha tai, yumo. Kwa hiyo aliyesema "mkigusa kanga mnafungwa" hakudanganya.

Shida iko kwenye "nitafungua".

Fungua Katiba, Jedwali la Nne, pale kazi zilipogawanywa. Ulinzi wa wanyamapori umewekwa upande wa serikali ya kitaifa. Gavana hana ufunguo huo. Mwakilishi wa wadi hana, na bunge la kaunti likipitisha sheria ya kuruhusu kuwinda, hiyo sheria haitafika mbali. Anayeweza kujaribu ni mbunge au seneta, na njia yake ni moja tu, kupeleka mswada Nairobi. Basi akisimama mbele yako muulize: mswada uko wapi? Kifungu gani unataka kibadilishwe, cha 96 au cha 97? Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Kimoja ni starehe ya mwenye pesa, kingine ni sufuria ya mtu mwenye njaa. Jukwaani vinachanganywa makusudi.

"Lakini mbona Tanzania wanawinda?" Kweli, sheria yao ya 2009 inaruhusu uwindaji wa leseni. "Mbona Marekani wanawinda hata ndani ya hifadhi za serikali?" Kweli pia. Kule kuna ndege anaitwa fezanti, jamaa wa kwale wetu, aliyeletwa kutoka China miaka ya 1880 akazaana. Kila msimu watu wanaingia na mbwa na bunduki kumtafuta kwenye ardhi ya umma, zikiwemo baadhi ya hifadhi za wanyamapori.

Wanaotoa mfano huo huishia hapo. Hawasemi kwamba tangu 1937 Marekani inakata kodi maalum kwenye bunduki na risasi, na pesa hiyo inarudi kwa majimbo kutunza wanyamapori na makazi yao. Wala hawasemi kwamba kule kuna msimu wa kufungua na wa kufunga, idadi ya ndege unaoruhusiwa kwa siku, na askari wa kukagua begi lako. Ukitaka kuiga, iga kitu kizima. Bunduki bila daftari la hesabu si mfano wa Marekani.

Na bunduki zenyewe. Kaunti hii ilizika watu zaidi ya 100 katika mapigano ya Tana Delta ya 2012 na 2013. Mimi mwenyewe siko tayari kuona msururu wa silaha ukihalalishwa vichakani kwa jina la kuwinda kanga. Hilo ni langu, unaweza kukataa.

Sasa twende upande wa pili, wale wa "uwindaji ni ujangili, hakuna mjadala". Hebu wajibu hili. Kwelea wakishuka kwenye mpunga au mtama, serikali yenyewe hunyunyizia sumu pale wanapolala. Wanakufa kwa maelfu, na ndege wengine wanaokula mizoga yao nao hudhurika. Hiyo inaitwa kudhibiti wadudu na ndege waharibifu, ina bajeti na ndege ya kunyunyizia. Mama aliyenasa kanga wawili wa chakula cha jioni anaitwa mhalifu. Sisemi kwelea waachwe, mkulima wa Bura au Hola hana mzaha na msimu wake. Nasema usiniambie sheria inalinda kila manyoya.

Kuna jambo zito zaidi. Ibara ya 63 ya Katiba inataja, miongoni mwa ardhi za jamii, ardhi za mababu na zile zilizokaliwa kijadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Hapa kwetu hao tunawajua: Wawaata, ambao wengine huwaita Wasanye. Walikuwa mabingwa wa upinde mrefu tangu kabla ya Tsavo kuwa mbuga mwaka 1948. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni yenyewe ilianzisha mradi kule Galana ili wawinde kihalali, haukudumu. Leo Katiba inatambua ardhi yao kwa sababu walikuwa wawindaji, na Sheria ya Wanyamapori inawafunga kwa sababu hiyohiyo. Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua mwaka 2017 kwamba haki za Waogiek wa Mau zilikiukwa na kwamba uhifadhi hautoshi kuwa sababu ya kuwafukuza msituni. Sijasikia mgombea hata mmoja akilizungumzia hili jukwaani Hola. Kura za Wawaata ni chache, si ndio?

Kwa Wapokomo, Waorma, Wawardei na wengine, swali linalofuata ni la ardhi. Kisheria mnyama wa porini ni wa taifa, lakini manufaa yake hupitia kwa mwenye ardhi. Na ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa chini ya Sheria ya 2016 inashikiliwa na kaunti kwa niaba yenu. Akija mwekezaji, au shirika linalotaka kuanzisha hifadhi ya jamii, anayekaa mezani ni nani? Angalia Isiolo: Januari 2025 mahakama ilisema hifadhi mbili zilianzishwa kinyume cha sheria kwenye ardhi ya jamii. Na hapa nyumbani, hifadhi ya nyani ya Tana River ilitangazwa 1976, halafu mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haikuanzishwa ipasavyo. Miaka 31 hapo katikati!

Usajili wa ardhi, tofauti na uwindaji, kaunti ina mkono ndani yake. Orodha ya ardhi za jamii ambazo hazijasajiliwa inaanzia kwenye kaunti. Kamati ya kaunti ya wanyamapori na fidia pia iko karibu nawe: kiboko akiua mtu, sheria ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa familia. Mgombea anayepiga kelele kuhusu kanga, muulize ni madai mangapi ya fidia amewahi kuyafuatilia hadi yakalipwa.

Na kwa wanaotaka tu nyama ya kanga: kufuga kanga kwa leseni ya KWS ni halali leo, bila mswada wala mheshimiwa. Mnakumbuka ule wazimu wa mayai ya kware wa 2013 na 2014? Hata wale kware walihitaji leseni hiyohiyo. Soko lilivyoporomoka ni uzi mwingine, na nina marafiki ambao bado wana vizimba vitupu nyuma ya nyumba.

Maswali leteni hapa chini. Matusi ya vyama nitafuta.