Anwani na Lakabu: "Albamu Nyeusi" katika Tanzu Nne za Muziki

Wahakiki wengi huichukulia anwani ya kazi ya sanaa kuwa mali ya mtunzi: yeye ndiye aliyeichagua, na yeye ndiye aulizwaye maana yake. Mtazamo huu hutetereka pale ambapo kazi za tanzu mbalimbali zinabeba jina moja. Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa hali hiyo, nao ni albamu zijulikanazo kama The Black Album, yaani "Albamu Nyeusi", katika muziki wa Uingereza na Marekani.

Chimbuko la jina hilo ni albamu nyeupe. Mwaka 1968 kundi la The Beatles lilitoa albamu yenye jalada jeupe lililobuniwa na msanii Richard Hamilton. Anwani yake rasmi ni The Beatles, lakini wasikilizaji waliiita The White Album, na jina lao ndilo lililodumu. Kiswahili kina neno mwafaka kwa jina la namna hii: ni lakabu. Lakabu hutokana na sifa ionekanayo, hutolewa na wengine, na mwenye kupewa hana uwezo mkubwa wa kuikataa.

Kundi la panki la The Damned lilipotoa The Black Album mwaka 1980, mtindo wa lakabu uligeuzwa kuwa anwani rasmi, na weusi ukawa jibu kwa weupe. Kwa Prince weusi ulipata uzito zaidi. Albamu yake, iliyorejea kwa nguvu kwenye fanki, muziki wa Wamarekani Weusi, ilikusudiwa kutoka Desemba 1987 katika jalada jeusi lisilo na jina la mwimbaji. Siku chache kabla ya hapo yeye mwenyewe aliizuia. Nakala za magendo zilisambaa, na albamu ikawa mashuhuri bila kuwapo madukani hadi ilipotolewa rasmi mwaka 1994. Hapa weusi ni rangi, ni watu, na ni usiri pia.

Mwaka 1991 lakabu ilirejea mikononi mwa wasikilizaji. Albamu ya roki nzito ya kundi la Metallica inaitwa Metallica tu, lakini jalada lake jeusi, lenye nyoka asiyeonekana kwa urahisi, lilitosha kuipatia jina la The Black Album. Jay-Z, kwa upande wake, alilifanya jina hilo anwani rasmi mwaka 2003, katika albamu ya kufokafoka iliyotangazwa kuwa ya kuaga. Weusi wake waweza kusomwa kama rangi ya tanzia, ingawa marehemu alirejea na albamu nyingine mwaka 2006.

Ushahidi mzito zaidi ulitokea mwaka 2004, Danger Mouse alipochanganya sauti ya Jay-Z na muziki wa albamu nyeupe ya The Beatles, akaiita kazi hiyo The Grey Album, "Albamu ya Kijivu". Kampuni ya EMI ilitaka usambazaji ukome. Hoja yake ilihusu sauti zilizorekodiwa. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi anwani. Aidha, kijivu hicho hakieleweki bila kuichukulia lakabu ya mwaka 1968 kuwa sawa na anwani. Orodha ya maktaba iliyopangwa kwa anwani rasmi pekee itawaweka pamoja The Damned, Prince na Jay-Z. Metallica itabaki nje, na The Beatles, waliolianzisha jambo lote, hawatapatikana humo.