Vuli Yetu Si Vuli ya Mizabibu

Mwalimu mmoja wa jiografia hapa Tassia ameniuliza ni majira gani yafaayo kuwapeleka wanafunzi wake kuona mashamba ya mizabibu. Katika kitabu kimoja kilichotafsiriwa alisoma kwamba zabibu huvunwa “wakati wa vuli”. Swali ni la safari, lakini mzizi wake umo katika lugha.

Mfasiri alikusudia Septemba na Oktoba huko Ufaransa, majani yanapoanza kupukutika. Kwetu sisi, vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Mkazi wa Tassia huzijua kwa matope yanayonata viatuni. Zabibu mbivu zikinyeshewa mno hupasuka na kuoza. Mwanafunzi anayeiamini tafsiri hiyo hufundishwa, basi, kuvuna wakati wa hasara.

Naivasha nako kumepandwa mizabibu, lakini nchi ya zabibu hasa katika Afrika Mashariki ni Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki waliipanda Bihawana katika miaka ya 1950. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Wala haina baridi kali ya kuulaza mzabibu kama ilivyo Ulaya. Kinachouamsha ni mkasi wa mkulima: akishapogoa, mti huchipua na kuzaa baada ya miezi kadhaa. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba.

Rai yangu ni Agosti. Ni kiangazi, njia za mashambani ni kavu, na shule zetu huwa zimefungwa. Basi hupitia Namanga, Arusha, Babati na Kondoa. Aidha, zabibu haziwekeki. Mkulima wa Hombolo hufurahia mnunuzi anayefika zikiwa bado mbichi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanafunzi na watazame kupogoa, kuvuna na kukamua. Kuonja ni kwa watu wazima.

Neno mvinyo tulilipata kwa Mreno, divai kwa Mfaransa, nasi hatukudhurika. Majira hayakopeki hivyo. Kwa hiyo, walimu wenzangu, mnapofundisha neno vuli, litajieni miezi yake na mvua zake. Na mkikutana na vuli ya Ulaya vitabuni, waulizeni wanafunzi: ni mwezi gani, na ni wapi?