Nguzo Iliyo Ndani ya Besi

Katika jamii ya fidla, kinanda kilicho kikubwa kupita vyote ni besi. Kimo chake chapata sentimita 180, yaani hulingana na mtu mrefu, na mpigaji hukipiga hali amesimama, au ameketi juu ya kiti kirefu. Asili yake ni Ulaya, walakini hata Unguja watu hukijua, kwa kuwa vikundi vya taarabu hukitumia. Kina nyuzi nne, na uzi ulio mnene kabisa hutikisika mara 41 hivi kwa kila sekunde, ukatoa sauti nzito ambayo husikika kifuani kama isikikavyo masikioni.

Mtu akikitazama kwa nje hudhani ya kuwa ni sanduku tupu. Sivyo. Ndani imesimama nguzo ndogo ya mti, kati ya ubao wa mbele na ubao wa nyuma. Nguzo hii haikugandishwa kwa sherizi wala haikupigiliwa msumari. Husimama kwa kubanwa tu. Waitalia na Wafaransa huiita kwa neno lenye maana ya roho, nao hawakukosea, kwa sababu ikiondoka, sauti hupooza mara moja. Tena nyuzi za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ipitayo kilo 100, na sehemu ya nguvu hiyo huukandamiza ubao wa mbele kwa njia ya kibao kisimamacho chini ya nyuzi, ambacho mafundi hukiita daraja. Chini ya mguu mmoja wa daraja, upande wa nyuzi nene, pana mti mrefu uliogandishwa ndani ya ubao. Mguu wa pili hutegemezwa na ile nguzo, iliyowekwa nyuma yake kidogo. Nguzo isipokuwapo, ubao hapo waweza kubonyea.

Basi mwenye besi akilegeza nyuzi zote kwa mara moja, labda kwa kutaka kuzibadili, daraja huanguka, na mara nyingi nguzo nayo huanguka, ikagongagonga ndani kama kokwa katika kibuyu. Atairudishaje? Seremala wa mtaani, ajapokuwa hodari mwenye patasi kali, hajapata kuiona kazi kama hiyo, na fundi wa besi huenda yuko safari ya siku nyingi. Ndipo mtu hutafuta kitabu.

Vitabu vya namna hiyo vipo tangu zamani. Mwaka 1884 Edward Heron-Allen, mwanasheria kijana wa London, alitoa kitabu kikubwa cha uundaji wa fidla. Yeye hakuzaliwa katika nyumba ya mafundi. Alikwenda kujifunza kwa Georges Chanot, fundi wa fidla katika mji huo, kisha akaandika hatua kwa hatua aliyoyaona na kuyatenda. Mafundi wengi waliificha kazi yao, wakawarithisha wana wao tu. Kwa hiyo kitabu kile kiliwafungulia mlango watu wasio na baba fundi. Besi yenyewe ilingoja zaidi. Mwaka 2004 Chuck Traeger wa Marekani, aliyekuwa mpigaji na mtengenezaji pia, alitoa kitabu kizima juu ya kuitengeneza besi ili itoe sauti njema.

Kitabu humwambia msomaji kwamba nguzo isiwe ndefu wala fupi, na kwamba ncha zake zikatwe kwa mshazari ili zilingane na mviringo wa ubao. Humwonyesha chuma kilichopindwa kama herufi S: ncha yake kali huchomwa katika nguzo, kisha nguzo hupitishwa katika tundu lililokatwa kwa mfano wa herufi f, ikasimamishwa gizani kwa msaada wa kioo kidogo. Maneno hayo husomwa kwa dakika moja. Mkono huyajua baada ya nguzo kuanguka mara nyingi. Na hatari kubwa haimo katika kuanguka, imo katika kutokuwa na subira. Kwa maana mtu aliyechoka huikata nguzo ndefu kidogo, akaigonga iingie kwa nguvu, na baadaye ubao ukapasuka juu yake. Ufa wa mahali hapo ni katika majeraha mabaya kabisa ya kinanda.

Jambo la sherizi vilevile hudharauliwa. Sherizi ya ngozi hulowekwa katika maji baridi, kisha hupashwa moto ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya moto, isichemke. Hushika sana, lakini huachia kwa joto na unyevu, hata fundi aweza kuufungua ubao kwa kisu chembamba pasipo kuurarua. Mtu akitumia gundi ya dukani isiyoachia, fundi wa baadaye hana budi kuvunja mti ili afungue.

Kwa hiyo anayejifunza kwa kitabu huanza kwa besi mbovu isiyo na thamani, wala hagusi ya mwenziwe. Na nyuzi huzibadili mmoja mmoja, akilitazama daraja kila akazapo, kwa sababu uzi ukivutwa hukiburura kichwa cha daraja kuelekea upande wa shingo. Naye hulirudisha wima kwa mikono miwili, polepole, kabla halijaanguka.