Utando Mwembamba Juu ya Ubongo

Bagamoyo tuitajayo hapa si ile ya pwani, bali ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Huko, kama kwingi katika nchi yetu, kijana akianguka kifafa majirani hunong'ona habari za majini. Kumbe kifafa ni umeme wa ubongo uliokosa utaratibu. Mwaka 1960 Dakta Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, na wengi walipata nafuu kwa vidonge vya fenobabitoni. Vidonge hivyo visiachwe ghafla, kwani kifafa huweza kurudi kwa nguvu, na meko ya kuni yako wazi majumbani.

Lakini kadiri ya theluthi moja ya wagonjwa, dawa haziwatoshi. Kwa hao, daktari huenda akahitaji kujua hasa umeme huo unaanzia wapi, au kuutuliza kwa waya utiwao kichwani. Hapo ndipo penye shida. Ubongo ni laini kama mtindi, nao hutikisika kwa kila pigo la moyo na kila pumzi. Ndugu msomaji, chomeka kijiti cha mwanzi katika bakuli la mtindi, kisha ulitikise: utaona mtindi unavyokatika. Kadhalika waya mgumu huukera ubongo, kovu huuzunguka, na ishara hufifia.

Njia ya kutokea ni wembamba. Utando ukipunguzwa unene kwa nusu, ugumu wake wa kupindika hushuka hadi sehemu moja ya nane. Kwa hiyo hata plastiki ngumu, ikiwa ya mikrometa chache tu, hulala juu ya ubongo kama malai juu ya maziwa. Mafundi humwaga polimaidi ya majimaji juu ya kisahani cha silikoni kinachozungushwa kwa kasi, wakaioka ikawa ngumu. Hutandaza dhahabu au platini, wakachora njia zake kwa mwanga, wakafunika kwa tabaka la pili lenye matundu, kisha wakaubandua utando wote. Chembe moja ya vumbi yatosha kuharibu njia.

Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliruhusu utando wa kampuni ya Precision Neuroscience, wenye elektrodi 1,024, ukae kichwani siku zisizozidi 30. Kukaa miaka ni shauri jingine. Unyevu wa mwili hupenya tabaka jembamba, ukazifikia njia za madini na kuyatenganisha matabaka. Ndiyo sababu tando za namna hii hulowekwa muda mrefu katika maji ya chumvi yenye moto, kabla hajatiwa mtu.