"Haba Haba" ulikuwa wimbo wa Norway

Kila Mei, Eurovision inaporudi, husikika tena dai kwamba "Haba Haba" wa Stella Mwangi, ulioiwakilisha Norway mwaka 2011, haukuwa wimbo wa Norway hasa. Wenyeji wanaosema hivyo husingizia Kiswahili chake. Wapo na Waswahili wanaosema hivyo hivyo kwa fahari, kana kwamba Nairobi iliporwa mtoto. Wote wamekosea, maana wanadhani kinachowakilishwa ni damu ya mwimbaji.

Katika mashindano haya serikali haishindani. Anayeshiriki ni shirika la utangazaji lililo mwanachama wa umoja wa watangazaji wa Ulaya, na kwa Norway ni NRK, linaloteua wimbo kupitia Melodi Grand Prix. Uraia wa mwimbaji si sharti. Céline Dion wa Kanada aliipatia Uswisi ushindi mwaka 1988; Alexander Rybak, mzaliwa wa Minsk, akaipatia Norway mwaka 2009. Lugha ndiyo iliyowahi kufungwa: kuanzia 1966 hadi 1972, kisha 1977 hadi 1998, kila nchi ililazimika kuimba kwa lugha yake, na Kiswahili kisingepita. Tangu 1999 kila mmoja huchagua lugha aitakayo. Kwa hiyo "Haba Haba", uliochanganya Kiingereza na methali isiyohitaji kufafanuliwa hapa, uliingia kwa mlango wa mbele.

Watasema uliangukia nusu fainali kule Düsseldorf, wa 17 kati ya nyimbo 19, kwa pointi 30. Ni kweli. Lakini nchi hairuhusiwi kuupigia kura wimbo wake, hivyo walioupenda Norway hawakuwa na la kufanya usiku ule. Tena, mwaka 1978 Jahn Teigen aliimba Kinorway mjini Paris akarudi bila pointi hata moja. Kama kushindwa kunaufanya wimbo uwe wa kigeni, basi na wake haukuwa wa Norway.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu ya watoto wetu wanaokulia huku Norway. Wanaongea Kinorway kisicho na lafudhi, wanateleza kwenye theluji kama wenzao, na bado huulizwa wametoka wapi hasa. Swali hilo linachosha, na nchi inayojisifu kwa usawa ingekuwa imeliacha zamani. Nyumbani nako, wakienda likizo, huitwa Wazungu, ingawa huko angalau huitwa huku wakipakuliwa chakula. Mtoto wa namna hii akiona kwamba Kiswahili kilipanda jukwaani kwa jina la Norway, hana haja ya kuchagua upande. Stella mwenyewe alizaliwa Nairobi, akafika Norway akiwa mdogo. Wazazi, waonyesheni watoto video ile, na waambieni kwamba aliyeimba alikuwa anaiwakilisha nchi yake.